MREJESHO: Zile taa za LED na Arduino zimekubali, asanteni wakuu

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule wa Kigoma niliyeuliza kuhusu mkanda wa taa za LED aina ya WS2812B kubadili rangi wenyewe bila mpangilio halafu Arduino Nano (kile kibodi kidogo cha kuendesha taa kwa kodi) inajizima na kuwaka kila nikiweka rangi nyeupe. Mlisema umeme hautoshi na kweli kabisa, taa moja ikiwaka nyeupe full inaweza kula mpaka miliampia 60, mkanda una taa 60, piga hesabu hapo ni ampia 3.6 na USB ya laptop kwa kawaida inatoa nusu ampia tu.

Sasa mkanda unakula kwenye betri ya sola ya 12V kupitia kidude cha kushusha volti mpaka 5V. Ila jamani graundi (GND, upande wa negativu)!! Nilivyogusisha tu waya mweusi wa mkanda kwenye pini ya GND ya Arduino rangi zikatulia palepale, bluu ikawa bluu, kwahiyo hata kama vyanzo vya umeme ni tofauti graundi lazima zikutane. Nimeweka na rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 330 kwenye waya wa data, pia kapasita (kidude cha kutunza umeme kidogo) ya maikrofaradi 1000, hii kapasita muwe makini, mguu wa upande wenye mstari uende negativu, ukigeuza inaweza kupasuka.

Kwenye kodi nimepunguza mwanga, FastLED.setBrightness(80) inatosha sana usiku. Taa zipo dukani kwa bro hapa Kigoma eneo la Mwanga, zinapendeza mno.

Bado nataka ziwake zenyewe giza likiingia, mwenye kodi ya LDR (sensa ya mwanga) anirushie.