Mjadala: Je, kodi ya wananchi itumike kulikarabati Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, Antigua?

Kanisa hili la Kianglikana katika kisiwa cha Antigua, bahari ya Karibi, lenye minara miwili inayoonekana tangu bandarini, limekuwa katika ukarabati kwa miaka mingi, na wako wanaosema kwamba serikali isitoe hata senti kwa jengo ambalo mabwana wa mashamba ya miwa walijijengea wenyewe.

Siwabezi. Kanisa la kwanza, la mbao, lilijengwa mwaka 1681, na hilo pamoja na lililofuata yalikuwa ya mabwana hao kweli kweli. Lakini la pili lilibomolewa na tetemeko la Februari 1843. Hili lililosimama leo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1845, yaani zaidi ya miaka kumi baada ya Antigua kuwaacha huru watumwa wake wote kwa siku moja, 1 Agosti 1834, bila ule muda wa mpito uliowafunga watu wa visiwa vingine kwa mabwana wale wale. Halikujengwa kwa mikono ya watumwa.

Tena, utajiri wake umo ndani. Mbunifu Thomas Fuller, ambaye baadaye alihamia Kanada na kushiriki kubuni majengo ya Bunge la Ottawa, alijenga nje kwa mawe, kisha ndani akalivika lote mbao za msonobari, kuanzia nguzo na matao hadi darini, hata aliyesimama katikati hujiona yumo ndani ya kasha kubwa la seremala. Nia ilikuwa kwamba mawe yakitikisika, mbao zishikilie. Tetemeko la Oktoba 1974 liliharibu mengi, ila halikuliangusha.

Ndiyo maana nasema kodi itumike, kwa masharti mawili: mbao zibadilishwe kwa mbao, si kwa zege, na habari za utumwa ziandikwe waziwazi mlangoni. Hata sanamu za Yohana Mbatizaji na Yohana Mwinjilisti kwenye lango la kusini, ambazo husimuliwa kuwa zilitekwa kutoka meli ya Wafaransa, zielezwe hivyo hivyo. Mkunazini, Unguja, kanisa kuu lililojengwa penye soko la watumwa lilikarabatiwa, na jirani yake pakawekwa maonyesho ya biashara hiyo.

Wanaopinga watuambie: sadaka za Jumapili peke yake zitanunua mbao ngapi?