Nichukue duka la stationeri linalofanya kazi au nianze na fremu tupu? Msaada wadau

Nuru_Asubuhi (mtoa mada)
Habari za humu ndani wadau. Nina akiba ya miaka minne ya ajira, nyingine nitaongezea mkopo. Nataka stationeri: madaftari, vifaa vya ofisi, kutoa kopi, kuchapa, lamineshi. Niko njia panda. Kuna mtu anauza duka lake, lina miaka sita, mashine mbili za kopi, mzigo uliomo na wateja wake. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Upande wa pili kuna fremu tupu mtaa wa nyuma, nikiichukua naanza moja. Kwa hesabu zangu kuanza upya ni kama nusu ya anachotaka yule. Mngekuwa mimi mngechukua lipi? Nawasilisha.

Kisiki_Kikavu
Mada nzuri ila umetuletea nusu. Kwa nini anauza? Bei yake ni ya mashine, ya mzigo, au ni kilemba? Pango limebakiza miezi mingapi, na mwenye nyumba anajua kuwa duka linauzwa? Wewe ukiwa kazini nani anakaa dukani? Mkopo riba gani? Jibu hayo kwanza, la sivyo tutapiga ramli.

Bi_Karani
Naunga mkono hoja. Halafu hilo neno "wateja wake" lifute kabisa dada. Mteja hauzwi. Anachokuuzia ni mazoea ya watu kupita mlango ule, na mazoea huhama.

Fundi_Tona
Natengeneza mashine za kopi mwaka wa kumi na moja huu. Maneno ya muuzaji weka pembeni, kaulize mashine. Ndani ina kaunta inayohesabu kila karatasi inayopita, ukizima umeme haifutiki. Mwambie muuzaji aingie kwenye menyu aitoe kwenye karatasi, wewe andika tarehe na saa kwa kalamu. Rudi baada ya siku saba, itolewe tena. Toa ndogo kwenye kubwa. Hizo ndizo kopi za wiki.

Nilimsindikiza mnunuzi mmoja, mwenye duka akaapa anatoa kopi elfu moja na mia tano kwa siku. Tukasoma Jumatatu, tukasoma Jumatatu iliyofuata. Tofauti 2,316. Kwa wiki nzima! Jamaa akaanza kusema wiki ile ilikuwa mbaya.

Pia toa kopi ya karatasi nyeupe isiyo na kitu. Ukiona vidoa vinavyojirudia kwa umbali uleule, kuna dramu au rola imechoka. Maandishi yakifutika ukisugua kidole, joto haliyeyushi tona (wino wa unga) sawasawa. Vyote hivyo ni pesa yako baada ya kukabidhiwa funguo.

Dogo_Mtandaoni
Na akiiacha mashine ijitolee kopi usiku kucha ili kaunta ipande?

Fundi_Tona
Rimu moja ni karatasi 500. Ili aongeze kopi elfu kumi anachoma rimu ishirini na tona juu. Akifanya hivyo kwa ajili yako, basi anakupenda sana. Angalia pipa la taka.

Dogo_Mtandaoni
😂 Sawa mkuu. Ila mimi nasema usichukue hata moja. Fremu ya nini siku hizi? Nunua printa moja nzuri, kaa nyumbani, watu watume kazi kwa simu, peleka ofisini kwao. Kodi ya pango inakula watu wengi kuliko wezi.

Kisiki_Kikavu
Dogo, kila uzi unakuja na hiyo printa yako. Mtu anayetaka kopi moja ya cheti saa mbili kasoro dakika tano asubuhi hatumi kazi kwa simu. Anaingia mlango ulio wazi.

Mama_Watatu
Nisimulie yangu, samahani ni ndefu.

Nilinunua saluni inayotembea. Viti vinne, wasusi watatu, mwenyewe akasema anahama kumfuata mumewe. Nilikaa pale siku mbili kabla ya kulipa, wateja walikuwa wanasubiri hadi nje. Nikalipa yote kwa mkupuo. Tuliandikishana karatasi moja tu: nimepokea kiasi hiki, nimekabidhi saluni. Basi.

Wiki tano zilikwenda vizuri. Wiki ya sita msusi mkubwa, yule ambaye watu walikuwa wanamuulizia kwa jina, akaomba ruhusa ya siku mbili. Siku ya tatu hakuja. Ya nne mwenzake naye hakuja. Nikafungua daftari la miadi niwapigie wateja niwaombe radhi, nikakuta kurasa za katikati zimechanwa, uzi wa daftari unaning'inia. Zile ndizo zilikuwa na namba za simu. Nikadhani ni watoto.

Jioni mteja mmoja akaniambia kwa huruma, "Dada, mbona wako pale chini, mlango wa nne?" Nikashuka. Saluni mpya, rangi bado inanuka, wasusi wangu wote wawili wamo, na kwenye kiti cha mapokezi amekaa yule mama aliyehama kumfuata mumewe. Alinisalimia vizuri kabisa. Akaniuliza biashara inaendaje.

Halafu wakaanza kuja wa madeni. Wa kwanza alikuwa muuza mafuta ya nywele, ana daftari lake, jina la saluni limeandikwa, kiasi, sahihi. Nikamwambia aliyekopa si mimi. Akanijibu yeye alikopesha saluni. Nililipa nusu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuniletea mzigo.

Niliifunga mwezi wa kumi na moja. Viti viwili bado viko sebuleni kwangu, wanangu wanavizungusha.

Bi_Karani
Pole sana mama. Huyo mama wa mapokezi moyo wake ni wa nini?

Mkataba_Kwanza
Pole dada, na hapo ndipo karatasi moja inapoumiza. Kulikuwa na mambo mawili ya kuandikwa. Moja, muuzaji asifungue biashara ileile jirani kwa muda fulani. Sharti hilo likiwa na mipaka ya eneo na muda inayoingia akilini lina nafasi ya kusimama; ukiandika "milele, popote" umejiharibia mwenyewe. La pili, usilipe yote. Bakiza sehemu, tuseme robo, hadi miezi sita ipite na madeni yajitokeze. Mwenye biashara safi atanuna kidogo, ila atakubali.

Mtoa mada, swali jingine: unanunua vitu vya duka au unanunua kampuni? Kama jamaa amesajili kampuni na wewe unachukua hisa, kampuni inakuja na madeni yake hata kama jina lako halimo kwenye daftari lolote. Ukinunua mashine, rafu na mzigo tu, madeni kwa kawaida yanabaki kwake.

Kisiki_Kikavu
Si ndiyo maana watu wanasajili kampuni, ili deni liwe la kampuni?

Mkataba_Kwanza
Ndiyo. Hilo lilikazwa Uingereza mwaka 1896, kesi ya Salomon, fundi viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Ilipofilisika wadai wakamfuata yeye, mahakama ya juu ikasema kampuni ni mtu mwingine, Salomon ni mtu mwingine.

Mzee_Daftari
Na benki zikajifunza tangu siku hiyo. Nenda kakope kwa jina la kampuni yako changa uone kama hawatakupa fomu ya kusaini udhamini wewe binafsi. Ukuta unaujenga mwenyewe, mlango unaufungua mwenyewe.

Mkataba_Kwanza
Hapo mzee sina ubishi.

Nuru_Asubuhi
Asanteni sana, nimesoma yote, ya Mama_Watatu nimeisoma mara mbili. Majibu: anauza kwa sababu anahama (najua, najua). Bei hajaichambua, kasema ni "ya jumla". Pango limebaki miezi minne, mwenye nyumba sijaonana naye. Mkopo ni asilimia 12 kwa mwaka, bapa, miezi kumi na miwili. Faida ya duka anasema ni asilimia 25. Dukani atakaa shemeji yangu, kwa sasa hana kazi.

Bi_Karani
Shemeji 🙆🏽‍♀️

Kisiki_Kikavu
Miezi minne ya pango! Dada, unanunua miaka sita ya mazoea kwenye mlango ambao mwezi wa tano mwenye nyumba anaweza kumpa mtu mwingine. Kabla ya kaunta, kabla ya shemeji, nenda kwa mwenye nyumba.

Mzee_Daftari
Binti, ngoja nikushike mkono kwenye mambo mawili.

Hiyo 25 ni juu ya nini? Kitu umenunua 100 ukauza 125. Juu ya manunuzi umepata asilimia 25, juu ya mauzo umepata 20. Watu wengi hukutajia ya kwanza kwa sababu inapendeza. Kuna kijana wangu aliona ana 25, akawa anawapunguzia marafiki asilimia 20 ya bei, akiamini bado anabakiza tano. Toa 20 kwa mia kwenye 125, inabaki 100. Mwaka mzima alikuwa anawauzia kwa bei ya kununulia na kuwafungia mfuko bure.

Sasa chukua pango, umeme, mshahara wa shemeji (atalipwa, sivyo?) na rejesho la mkopo. Tuseme vyote ni 900 kwa mwezi. Kama kinachobaki kwenye kila mia ya mauzo ni 20, unahitaji kuuza 4,500 ili usipate wala usikose. Wewe mwenyewe bado hujala. Nenda na hiyo namba kwenye daftari lake la mauzo. Kama hana daftari, umeshapata jibu.

La pili, bapa si 12. Ukikopa 1,200 unalipa 112 kila mwezi, riba 144. Lakini ile 1,200 hukai nayo mwaka mzima, kila mwezi unairudisha kidogo, ilhali riba inahesabiwa kana kwamba bado unayo yote. Ukilinganisha na mkopo wa riba inayopungua, huo wako ni kama asilimia 21 na nusu. Waombe jedwali la aina zote mbili.

Dogo_Mtandaoni
Mzee hizo hesabu kuna programu za simu zinafanya zenyewe, daftari la nini.

Mzee_Daftari
Programu ni nzuri, ninayo. Lakini inahesabu kile ulichoingiza tu. Shemeji akichukua kalamu tano bila kuandika, programu itakuambia kalamu zipo.

Bi_Karani
Hapo kwenye shemeji ndipo ninapotaka tukae. Nilimweka mdogo wa mume wangu. Siku namuuliza pesa ya Jumamosi iko wapi, Jumapili kikao cha ukoo kikakaa kwangu kuniuliza kwa nini namwita mtoto mwizi.

Mama_Watatu
Mimi wageni ndio walionimaliza, si ndugu. Kwa hiyo sijui.

Kisiki_Kikavu
Ndugu au mgeni, hesabu mzigo kila Jumamosi jioni mkiwa wawili, wote msaini. Wangu ni kaka yangu, tuna miaka saba, na tunahesabu hadi klipu. Alinuna miezi miwili ya kwanza.

Bi_Karani
Kaka ni kaka. Shemeji utamwambia asaini, dada yako akupigie simu usiku.

Dogo_Mtandaoni
Printa moja, nyumbani, huna shemeji.

Nuru_Asubuhi
😂 Jamani. Nimeonana na mwenye nyumba leo: hakujua kabisa kuwa duka linauzwa. Kasema ataongea na huyo jamaa kwanza. Kaunta nimesoma: mashine kubwa 412,906, ndogo inawaka taa nyekundu, akasema ni karatasi tu zimekwama. Nimemwomba bei aichambue, kasema kuna mtu mwingine yuko tayari kulipa kesho.

Fundi_Tona
Huyo "mtu mwingine" nimekutana naye kwenye kila duka. Wewe rudi siku ya saba. Na taa nyekundu, mwambie aondoe hizo karatasi mbele yako.

Ua_la_Jioni
Samahani kuingilia, nimeona kuna fundi. Lamineshi yangu inatoa kadi zenye mawimbi, tatizo ni plastiki au mashine?

Fundi_Tona
Mawimbi ni joto limezidi kwa unene wa plastiki yako, shusha. Ikitoka na ukungu mweupe, joto halijatosha. Unatumia maikroni ngapi?