Kurudia sevu kwenye klabu ya gemu: tukataze au tuache?

Mwalimu wa Maabara (Kisasa)
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia klabu ya kompyuta kwenye sekondari moja hapa Dodoma. Maabara ina mashine kumi na mbili kuukuu, gemu nzito hazipandi kabisa. Kwa hiyo Ijumaa jioni tunacheza Battle for Wesnoth, ile ya bure iliyoanza mwaka 2003. Asiyeijua: ni gemu ya vita ya zamu kwa zamu, ramani imekatwa vyumba vya pembe sita. Mchana watu wa nuru wanaongezewa nguvu asilimia 25, usiku wanaoongezewa ni mifupa inayotembea na majitu.

Wiki iliyopita kijana wa kidato cha tatu alilodi sevu (yaani alirudi pale alipohifadhi gemu akacheza tena) mara kumi na moja mpaka mchawi wake akapona. Wenzake wakaja kunishtakia kwamba anadanganya. Nafikiria kwenye mashindano ya mwisho wa muhula nikataze kulodi, aliyekufa amekufa. Nimekua naona wazee wanacheza bao: kete ikishatoka mkononi hairudi, ndiyo maana walikuwa wanafikiri kabla ya kudondosha. Mnasemaje?

Panga Mbili (Nkuhungu)
Kataza mwalimu, wala usiombe ushauri. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata gemu ya Baldur's Gate 3 ya Wamarekani ina hali ya heshima, sevu moja tu, kikosi kikifa chote heshima imekwisha. Walioitengeneza waliona bila woga hakuna hadithi.

Ila hilo la bao liache. Bao ni la wazee wa kijiweni wanaosubiri jua lizame. Ni kuhesabu kete, mbinu hamna. Huwezi kuliweka pamoja na gemu yenye milima, mito, usiku na mchana, na silaha ambayo kila adui anaipokea tofauti.

Binti wa Kongwa
Baldur's Gate 3 si ya Wamarekani. Larian walioitengeneza wako Ubelgiji, mji wa Ghent. Na hali ya heshima haikuwepo gemu ilipotoka Agosti 2023, waliiongeza Novemba. Yaani watu walicheza karibu miezi minne wakilodi watakavyo na wakaipenda hivyohivyo.

Kete Sitini na Nne (Makole)
Panga Mbili, umesema bao halina mbinu? Umewahi kukaa mbele ya ubao au unapitaga tu?

Mashimo 32, kete 64. Unaanza na kete kumi ubaoni, ishirini na mbili mkononi. Wakati wa namua, hatua ya kwanza, unaingiza moja moja, na kama kuna kula, ni lazima ule. Hapo ndipo ilipo vita yote. Unamtegea mwenzako kete ambayo hana hiari, atakula tu, na akishakula upande ule nyumba yake, lile shimo lake kuu, imebaki wazi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unazoa unaendelea, kwa hiyo kabla hujanyanyua mkono unatakiwa uwe umeuona mwisho wa safari. Hakuna asilimia pale, hakuna bahati. Ukishindwa, umeshindwa wewe.

Mholanzi Alexander de Voogt alikwenda Zanzibar miaka ya 1990 kuchunguza namna mabingwa wa bao wanavyofikiri. Mtu anavuka bahari kuja kusoma vichwa vya wazee wetu, wewe wa Nkuhungu unasema ni kuhesabu.

Panga Mbili (Nkuhungu)
Nimesema wazee wa kijiweni, sijasema wajinga. Msiniwekee maneno mdomoni.

Kete Sitini na Nne (Makole)
Umesema wanasubiri jua lizame. Marehemu baba yangu alifanya kazi relini zaidi ya miaka thelathini. Kijiweni alifika saa kumi na moja jioni, mikono bado ina grisi. Mwalimu Nyerere alicheza bao, naye alikuwa anasubiri jua lizame?

Zuzu Stesheni
Jamani mada ni sevu. Mimi nina hoja moja tu: umeme. Ijumaa ngapi umeme umekatika katikati ya zamu? Mwalimu ukikataza kulodi, mashine ikizima mtoto afanyeje, aanze upya sura nzima? Kabla ya sheria tafuta kwanza kifaa cha kushika chaji.

Mwalimu wa Maabara (Kisasa)
Zuzu, umeme ukikatika gemu inajihifadhi yenyewe kila mwanzo wa zamu. Ile ya mwisho ataruhusiwa kuifungua. Ninachokataa ni kurudi nyuma kwa sababu hukupenda matokeo.

Zuzu Stesheni
Na utajuaje kama mashine imezima au amechomoa waya? Nimesoma na watoto wa aina hiyo.

Msafiri wa Mpwapwa
Babu yangu kete zake zilikuwa 72, mbona wewe unasema 64? Nazikumbuka, komwe zimeng'aa kwa kushikwashikwa.

Kete Sitini na Nne (Makole)
Ndugu yangu, 64. Hizo nane zilikuwa za akiba, komwe hupotea.

Binti wa Kongwa
Nimesoma hapa nimenyamaza ila sasa niseme. Mimi babu alinifundisha bao nikiwa darasa la nne. Majirani walimwambia mtoto wa kike hakai kwenye ubao wa wanaume. Akawa ananifundishia uani, ubao kauweka juu ya gunia la mtama. Gemu zote za mbinu nilizocheza baadaye, kuanzia Age of Empires II kwenye kompyuta ya chuo, nilikuta nimeshajua jambo la msingi: adui usimwangalie alipo, angalia atalazimika kwenda wapi. Hilo sikulipata kwenye skrini. Kwa hiyo Panga Mbili, ukisema hamna mbinu unamgusa babu yangu, na mimi siwezi kupita tu.

Na kwenye swali la mwalimu nampinga. Babu hakuniruhusu kurudisha kete tulipokuwa tunashindana. Ila tulipokuwa tunajifunza, aliniambia rudisha, niambie ulikuwa unafikiria nini, cheza tena. Hizo ni siku mbili tofauti.

Panga Mbili (Nkuhungu)
Dada, samahani kwa babu yako, kwa dhati. Sikujua.

Lakini gemu sibadilishi msimamo. Nimecheza XCOM ya 2012, ile ya kuongoza kikosi cha askari, kwa kulodi kila askari akifa. Nilimaliza na sikumbuki jina la askari hata mmoja. Nikaianza upya kwenye hali ya sevu moja. Kuna mdunguaji wangu alikufa misheni ya mwisho kabisa, mpaka leo namkumbuka. Ndiyo tofauti ninayoisema. Kifo kisipokuwa na gharama, askari ni takwimu.

Bahi Moja
XCOM ni mfano mbaya kwako mkuu. Ile hata ukilodi, risasi ileile kutoka palepale inatoa jibu lilelile, kwa sababu bahati imehifadhiwa ndani ya sevu. Ukitaka jibu jingine lazima ubadilishe unachofanya. Watengenezaji wenyewe walifikiria hili. Hawakukuzuia kurudi, walikuzuia kurudi bila kufikiri. Into the Breach ya 2018 nayo inakupa kuirudia zamu moja tu kwa kila pambano. Yaani kuna njia ya katikati, si kukataza au kuachia.

Panga Mbili (Nkuhungu)
Hilo la XCOM sikulijua. Basi nililodi bure miezi mizima.

Msafiri wa Mpwapwa
Hata kama zilikuwa na akiba, babu asingecheza na 72 kwenye ubao. Ninasema zilikuwa ubaoni.

Kete Sitini na Nne (Makole)
Sasa unabishana na mashimo. Kila mchezaji kete 32, mara mbili ni ngapi?

Ng'ong'ona Usiku
Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na naona wote mnazungumza kama watu wenye muda. Baldur's Gate 3 inataka GB 150. Mimi niliipakua kwa mafungu wiki tatu, bando za usiku, nikiamka saa nane kuangalia kama haijakatika. Baada ya hapo mtu aniambie dadu ya pande ishirini ikitoka moja nikubali mhusika wangu akose mazungumzo niliyoyasubiri saa arobaini? Na kwenye gemu ile moja ni kushindwa tu, hata uwe na ujuzi wa kuzidi. Nililodi. Nitalodi tena. Nimelipia.

Bahi Moja
Kwako mwenyewe lodi, nani amekukataza? Hapa ni mashindano ya watoto.

Ng'ong'ona Usiku
Ameandika "anadanganya". Mtu anayecheza peke yake anamdanganya nani?

Kidato cha Tatu
Shikamooni wakubwa. Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye niliyelodi mara kumi na moja.

Mchawi wangu mweupe nilikuwa naye tangu sura ya kwanza. Alirusha mara tatu, kila mara ana asilimia 70 ya kupata, akakosa zote. Nilipiga hesabu, kukosa zote tatu ni kama mara tatu katika mia. Nikasema hii si haki, nikalodi. Mara tatu za kwanza nilikuwa nasubiri bahati tu, hilo nakubali.

Mara ya nne nikaona hata akipata, mifupa inamzunguka na usiku unaingia, lazima afe zamu inayofuata. Nilikuwa nimemweka kwenye nyasi, ambako adui anampata asilimia 60. Kijijini wangempata asilimia 40 na angerudishiwa pointi nane za uhai kila zamu. Ila kumfikisha kijijini ilibidi nirudi zamu mbili nyuma nimhamishe mpanda farasi aliyekuwa amekaa pale kijijini. Mara saba zilizobaki nilikuwa nahamisha watu, bahati nimeshaisahau. Nimeandika kwenye daftari kila mara niliweka nani wapi. Daftari lipo.

Mwalimu hukuniuliza. Uliwauliza wenzangu.

Mwalimu wa Maabara (Kisasa)
Marahaba mwanangu. Ni kweli sikukuuliza, na nimekosea. Ijumaa njoo na daftari, utawaonyesha wenzako ubaoni.

Zuzu Stesheni
Na suala la waya je? Sijajibiwa.

Binti wa Kongwa
Kijana huyo mleteni kwenye bao.

Panga Mbili (Nkuhungu)
Mwalimu usilegee sasa. Ajifunze anavyotaka siku za kawaida, siku ya mashindano sevu ifungwe. Mtihani wa taifa haulodiwi.

Ng'ong'ona Usiku
Mtihani wa taifa hauna mifupa inayotembea usiku. Tuache kila kitu kiwe mtihani, watoto watakimbia klabu.

Kete Sitini na Nne (Makole)
Panga Mbili, Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa Nyerere Square na ubao wa baba. Njoo unionyeshe hiyo hesabu tupu.

Panga Mbili (Nkuhungu)
Nitakuja. Sijui kucheza, nasema kabisa. Utanifundisha kwanza, halafu tushindane.

Kete Sitini na Nne (Makole)
Mchezo wa kwanza unarudisha kete. Wa pili hapana.

Msafiri wa Mpwapwa
Mimi nakuja na za babu. Tutazihesabu hapo hapo.