Filamu ya Must Love Dogs: kwa nini walioachika wanaifurahia?

Mkaazi wa Ilala anauliza:

Ndugu wasomaji, juzi niliitazama pamoja na dada yangu mkubwa filamu ya Kimarekani iitwayo Must Love Dogs, iliyotolewa mwaka 2005. Diane Lane anaigiza kama Sarah, mwalimu wa chekechea ambaye ndoa yake imevunjika, na ambaye dada yake anamwandikia tangazo katika tovuti ya kutafutia wachumba bila hata kumwomba ruhusa. Dada yangu naye aliachika, na ingawa eda yake ilikwisha zamani, nyumbani tunalikwepa sana jambo hilo, kwa hiyo nilihofia kwamba angejiona ndiye anayechekwa. Kumbe alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaomba turudie ile sehemu ya mkahawani. Mimi pia niliipenda mno. Naomba mnisaidie kuelewa: ni nini katika filamu hii kinachomwezesha mtu aliyeumizwa na ndoa kucheka bila kuhisi kwamba anadhihakiwa?

Mpenzi wa Sinema, Mombasa:

Sehemu hiyo ya mkahawani ndiyo inayokupa jibu. Sarah amevutiwa na tangazo la mwanamume asiyemjua, amejipamba, amekwenda kukutana naye huku moyo ukimdunda, na anapofika mezani anamkuta baba yake mzazi, maana tangazo lile lilikuwa la baba. Mwongozaji mwingine angeigeuza kuwa aibu ya kumkomoa binti. Hapa Christopher Plummer, anayeigiza kama yule mzee mgane, anashangaa sawasawa na mwanawe, na wote wawili wanabaki wakitazamana kama watu waliofumaniwa na upweke wao wenyewe. Tunacheka kwa sababu haja ya kupata mwenzi imewakuta baba na binti kwa pamoja, na hakuna kati yao aliye na haki ya kumsuta mwingine. Baadaye mzee huyohuyo anamweleza binti yake kwamba marehemu mama yao ndiye aliyekuwa mpenzi wa maisha yake, na kwamba hao wanawake anaotoka nao hawachukui nafasi yake. Maneno hayo yanasemwa kwa upole mkubwa, na kwangu mimi ndiyo yanayoipa filamu nzima uzito.

Bibi wa Tanga:

Mwanangu, mimi ningekuelekeza kwenye kuku. Sarah anakwenda buchani kununua kidari kimoja tu, cha kumtosha mtu mmoja, na ununuzi mdogo kama huo unageuka kuwa tangazo mbele ya watu kwamba nyumbani hakuna anayemngoja. Aliyeachika anajua kwamba talaka haiumi siku ya talaka peke yake. Inauma sokoni unapopimiwa kilo moja uliyozoea, ukakumbuka kwamba sasa nusu inatosha. Yeyote aliyeiandika sehemu ile alimtazama mtu wa namna hiyo kwa makini, na ndiyo maana dada yako hakujisikia mgeni. Tena wale ndugu zake wanaojazana nyumbani kwake na kumtafutia mume ni kama ndugu zetu kabisa, ila huku tungemtuma mshenga, na mshenga akikosea kuna wa kumuuliza.

Msomaji wa Nakuru:

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini nadhani mmemsahau Jake, anayeigizwa na John Cusack. Yeye pia ametalikiwa, anaunda boti za mbao kwa mikono ingawa wanunuzi ni haba, na anaitazama filamu ya Doctor Zhivago tena na tena kwa kuwa bado anaamini mapenzi makubwa yapo. Tangazo la Sarah linataka mtu anayependa mbwa, ilhali mbwa anayekuja naye bustanini ni wa kaka yake, na Jake naye ameazima wake. Wanaanza kwa uongo mdogo uleule, kila mmoja akiogopa kukataliwa kabla hajajulikana. Hata hivyo, sitaisifia filamu yote. Sehemu za Bob, mzazi wa mtoto anayefundishwa na Sarah, zinaenda mbio mno, na mtazamaji anamkinai kabla Sarah hajaanza kumshuku. Mwisho nao, ambapo Sarah anamkimbilia Jake hadi majini, umepangwa kwa kumfurahisha mtazamaji kuliko kufuata tabia ya mwanamke mwangalifu kama yeye.

Mkaazi wa Ilala:

Nawashukuru nyote, shikamoo Bibi. Nimemsomea dada majibu yenu, naye ana hoja moja tu, na ni juu ya Bob. Anasema kwamba mwanamume wa aina hiyo, mwenye sura nzuri na maneno matamu, aliyetengana na mkewe na kujua hasa la kumwambia mwanamke aliyeachwa, ni lazima awemo katika hadithi hii, na ni lazima tumkinai mapema, kwa sababu kila rafiki wa mwanamke kama huyo humwona Bob kabla yeye mwenyewe hajamwona. Kuhusu majini anamtetea Sarah: mtu aliyekaa muda mrefu akihofia kuchekwa, akishaamua, haangalii tena kama nguo zitalowa.