Ulimwengu wagoma kudunda kwenye programu yangu: nakosea wapi?

wa_tudor: Wandugu, salamu kutoka Mombasa. Narudisha ulimwengu nyuma hadi penye singulariti (pale hesabu za Einstein zakatika) kwa kosmolojia ya vitanzi, nadharia isemayo ulimwengu ulisinyaa, ukadunda, ukaanza kutanuka:
H² = (8πG/3) ρ (1 − ρ/ρc)
H ni kiwango cha kutanuka, a ukubwa wa ulimwengu, ρ densiti, G thabiti ya mvutano; ρc, densiti ya mdundo, ni kama 0.41 ya densiti ya Planck (kipimo cha densiti cha fizikia ya kwanta). ρ ikifika ρc kila kitu chaganda: H sifuri, a haisogei. Nimepunguza hatua ya muda mara kumi, wapi!

mzee_kilindini: Hatua ya muda haina kosa. Mlinganyo huo wakupa H², kwa hivyo programu yachukua kipeuo cha pili na kung'ang'ania alama moja. Penye ρc, kukaa palepale milele nako ni jibu halali! Tazama maji ya Likoni: yakisha kupwa, kasi ni sifuri, lakini yageuka yakajaa. Umeacha kile kinachoyageuza. Iendeshe H yenyewe:
dH/dt = −4πG (ρ + P)(1 − 2ρ/ρc)
pamoja na da/dt = aH na dρ/dt = −3H(ρ + P); P ni shinikizo. Ule mlinganyo wako ubaki wa kupangia H ya mwanzo na kukagulia makosa. Tena, ukirudi nyuma H ianze chanya na hatua ziwe hasi. Ukifanya vyote viwili hasi, ulimwengu utatanuka na hutaufikia mdundo.

Jipime kwa uga wa skala usio na masi (mada sahili ya kujaribia, P = ρ). Ukiweka a = 1 na t = 0 penye mdundo, a⁶ = 1 + 24πGρc t². Kilele cha H kiangukie ρ = ρc/2.

bi_hesabu: Na uweke G = c = ħ = 1 (c ni kasi ya mwanga, ħ thabiti ya Planck), namba zisikue mno. Densiti ya Planck ni takriban 5×10⁹⁶ kg/m³. Nambari za biti 32 hufurika zikipita 3.4×10³⁸.

maalim_fizikia: Usije ukaandika kwamba singulariti zote zimetibiwa. Hesabu hii ni ya ulimwengu bapa, sawasawa kila upande. Mwanahisabati Roger Penrose, 1965, alionyesha njia za mwanga zinazokatika, si densiti isiyo na kikomo. Basi onyesha njia hizo zaendelea ng'ambo ya mdundo. Shimo jeusi ni kesi nyingine. Mathur, wa nadharia ya nyuzi, hadundishi chochote: aiondoa sehemu ya ndani ya shimo yenyewe.

wa_tudor: Umedunda! Shukrani, wazee wangu. Na nikiweka vumbi, P = 0?

mzee_kilindini: Wadunda vilevile. Linganisha na a³ = 1 + 6πGρc t².