Dar hadi Mbeya kwa reli: TAZARA moja kwa moja, au SGR alafu basi?

mtoto_wa_uyole
Wadau habari zenu. Desemba hii narudi nyumbani Uyole na nimeamua safari iwe ya reli, basi nimelipanda vya kutosha na kona za Kitonga nazijua zote. Mimi napenda treni toka mdogo, tumekulia karibu na reli na nilikuwa nasikia mlio tu wa kichwa najua huyu kabeba shaba kutoka Zambia au ni wa abiria, kwa hiyo naomba msinishauri kuwahi kufika, hilo halinisumbui kabisa.
Kinachonitatiza ni kwamba shangazi yangu yuko Iringa mjini na lazima nikamsalimie, na Iringa reli haifiki. Kwa hiyo naona njia tatu. Ya kwanza TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) kutoka Dar mpaka Mbeya, shangazi nitamwona baadae. Ya pili SGR (ile reli mpya ya kisasa) mpaka Dodoma, pale nachukua basi la Iringa kupitia Mtera, kisha basi tena mpaka Mbeya. Ya tatu SGR mpaka Morogoro alafu nadandia basi pale stendi ya Msamvu. Waliopita hizi njia naombeni mnisaidie, hasa mnaojali kuona mnapita wapi.

Mnyalu255
Kamwene kaka. Chukua ya pili, wala usijiulize mara mbili. SGR ni umeme, inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, Dar mpaka Dodoma ni kama masaa manne hivi au pungufu ukipata mchongoko (ile treni ya haraka yenye pua iliyochongoka), ambapo basi linakula karibu siku. Ukishuka Dodoma barabara ya Iringa ni lami mpaka mjini, ni kilomita kama 260, unavuka pale kwenye bwawa la Mtera unaona maji yale yote na wavuvi wanauza samaki barabarani, unaingia Iringa bado una nguvu za kumsikiliza shangazi. Toka SGR ianze kubeba abiria 2024 sisi watu wa Iringa tumepata njia ya pili ya kwenda Dar, zamani ilikuwa Kitonga na Mikumi tu.

msamvu_msamvu
Ya tatu mimi siishauri kwa Desemba. SGR Dar–Moro ni chini ya masaa mawili, hapo hakuna ubishi, ila stesheni ya Moro iko Kihonda, inabidi uchukue boda au bajaji mpaka Msamvu, na mabasi ya Mbeya yanayopita pale yametoka Mbezi yamejaa, msimu wa sikukuu unaweza kusimama na begi masaa ukiangalia magari yanapita tu. Na kwa mtu anayependa reli umepanda treni kipande kidogo kuliko vyote, mwendo uliobaki wote ni barabara. Labda uwe umekata tiketi ya basi kabla ukawaambia utapandia Msamvu.

mzee_wa_mataruma
Mwanangu wa Uyole, nimefanya kazi ya njia miaka mingi kabla ya kustaafu kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.
Mnalinganisha masaa, lakini kwa mtu wa reli cha kulinganisha ni kile utakachokiona ambacho barabara haikuonyeshi. Njia ya pili na ya tatu, ukishashuka SGR, unapita mahali ambapo gari lolote linapita. TAZARA kutoka Mlimba mpaka Makambako hakuna barabara kuu inayoifuata, pale ni reli na milima peke yake, ni kilomita kama 150 na kitu, na ndipo kazi kubwa ya ujenzi wote ilipokuwa. Mlimba iko chini bondeni Kilombero, joto, mpunga, migomba. Makambako iko juu kwenye baridi zaidi ya mita 1,600. Treni haipandi kama gari, kwa hiyo reli ikabidi izunguke milima, iingie kwenye mahandaki, itoke ivuke korongo, iingie tena. Sehemu kubwa ya mahandaki ya reli nzima ya kilomita 1,860 iko hapo hapo. Kuna daraja la mto Mpanga, nguzo zake zina karibu mita 50 kwenda juu, ukiwa dirishani unaona chini miti imekuwa midogo kama majani ya chai. Kazi ile ilianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976, Wachina na Watanzania na Wazambia pamoja, na wapo Wachina waliofia kazini ambao makaburi yao yako Gongo la Mboto mpaka leo. Mimi kila nikipita handaki nawakumbuka.
Sasa sikiliza jambo la muhimu. Treni za kupanda huku kwetu, yaani za kwenda Mbeya, zinatoka Dar mchana au alasiri. Ikienda na ratiba, hifadhi ya Nyerere (tuliyokuwa tunaiita Selous) unaipita jioni, ukibahatika unaona twiga na nyumbu kabla giza halijaingia, Ifakara unapita umelala, na milima ya Uchindile unaipanda asubuhi. Ukiwa unashuka kutoka Mbeya ni kinyume, milima inakukuta gizani na wanyama unawaona asubuhi. Kwa hiyo anayetaka kuona mahandaki na madaraja aende nayo wakati wa KUPANDA. Kurudi afanye anavyotaka.

mtoto_wa_uyole
Shikamoo mzee, asante sana. Hilo la kupanda na kushuka sikuwahi kuliwaza kabisa na limenifungua macho. Je nikiwa nimekaa daraja la pili naona pande zote? Na huku Usangu nikae upande gani?

mzee_wa_mataruma
Marahaba mwanangu. Vyumba vina dirisha upande mmoja, ila korido ina madirisha ya upande wa pili, kwa hiyo milimani simama korido na uwe unahama. Ukishatoka Makambako, bonde la Usangu na mashamba ya mpunga ya Chimala na Igurusi yako kulia kwako, milima ya Kipengere na Uporoto iko kushoto. Na pale kwenu Uyole ndio juu kuliko pote kwenye reli nzima, mita 1,789, hata upande wa Zambia reli haipandi kuzidi hapo.

dada_wa_makambako
Naongezea mambo ya ndani ya treni maana wanaume mnasahau. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili vitanda sita, na wanawake na wanaume wanatengwa isipokuwa mmelipia chumba kizima kama familia. Kuna behewa la mgahawa, wali kuku unapata na chai asubuhi, lakini raha yenyewe ni stesheni, Mlimba wanakuja na ndizi na wali kwenye mabeseni, kwa hiyo beba hela ndogondogo. Beba na sweta mkononi usiifungie kwenye begi kubwa, unatoka Dar unatoka jasho alafu alfajiri unashtuka baridi imeingia dirishani. Beba maji, beba tochi, betri ya kuchajia simu nayo muhimu. Na kitu kingine, watu wa Njombe na Mafinga sisi tunashuka Makambako, kwa hiyo kaka hata ungetaka kwenda Iringa kwanza ungeshuka kwetu ukachukua gari kupitia Nyololo na Mafinga.

Mnyalu255
Mzee heshima yako, kuhusu milima nakubali. Ila tuwe wakweli kwa kijana, TAZARA ratiba uichukue kama makadirio, Desemba mvua zimeanza Kilombero na njia moja ile treni ya mizigo ikipata shida mbele wote mnasubiri. Ikichelewa masaa sita hiyo asubuhi ya Uchindile inakuwa saa nyingine. SGR inatoka kwa dakika.

mzee_wa_mataruma
Ni kweli na sikatai. Ila ikichelewa masaa sita wakati wa kupanda, milima utaipanda mchana, bado ni mwanga. Ndio maana nasema kupanda ni salama zaidi kwa mtazamaji.

reli_tatu
Mimi naona mnabishana kitu ambacho hakina haja ya kuchagua. Panda na TAZARA, kula Krismasi Uyole, wakati wa kurudi chukua basi la asubuhi Mbeya–Iringa, lala kwa shangazi siku mbili, kisha Iringa–Mtera–Dodoma, malizia na SGR mpaka Dar. Umepata upana wa reli mbili tofauti kwenye safari moja, TAZARA ni milimita 1,067 kama kusini mwa Afrika, SGR ni 1,435, na ndio maana hata siku moja treni ya moja haitaingia kwenye nyingine. Na angalia kitu kizuri: maji ya Usangu utakayoyaona kulia ndio yanakwenda Mtera kama Ruaha Mkuu, yanashuka mpaka Kidatu, na TAZARA inauvuka mto huo huo karibu na Kidatu. Utaukuta mto mmoja kwenye kwenda na kwenye kurudi.

mtoto_wa_uyole
Aisee hii ndio yenyewe. Kwenda TAZARA daraja la pili, kurudi kwa shangazi na SGR. Swali la mwisho, tiketi ya TAZARA nikate siku hiyo hiyo au?

dada_wa_makambako
Usithubutu siku hiyo kwa Desemba. Nenda mapema pale stesheni ya Tazara, ile ya kwenye makutano ya Nyerere na Mandela chini ya flaiova ya Mfugale, vitanda vya daraja la kwanza na la pili vinaisha kwanza, na siku mbili kabla ya safari piga simu uulize kama saa ya kuondoka haijabadilika. Na ukifika Mbeya stesheni iko huko Iyunga, kwenu Uyole ni upande wa pili wa jiji, kwa hiyo mwambie mtu aje kukupokea au uchukue daladala mapema kabla giza halijaingia.