Mrejesho: filamu yetu fupi ya Halloween imekamilika

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu filamu yetu ya kutisha ya bajeti ndogo, ile ya mwanamke anayesemekana kugonga milango ya mtaa usiku wa Halloween. Nawashukuru mno. Aliyesema tusimwonyeshe uso ametuokoa: tulirekodi kucha zikikwaruza mbao, maikrofoni ikiwa karibu kabisa na mlango, na watazamaji waliruka vitini! Ndani, taa moja ya pembeni ilitosha. Nje ndiko kulikogoma. Kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) gizani kulijaza picha chengachenga. Tukarudia jioni, jua likiwa limetoka kuzama, kisha tukaitia giza na rangi ya bluu kwenye uhariri. Damu ya sharubati bado ilionekana ya bandia, tukaiondoa. Asanteni sana.